Muulize Mjomba: Ubalozi unapatikanaje?

Wiki hizi barua zenu zimegeuka, zamani mlikuwa mnaniuliza viza na paspoti tu, sasa hivi kila mtu anauliza ubalozi. Najua chanzo, kila orodha ya uteuzi ikitoka usiku na kuzungushwa kwenye magrupu asubuhi yake watu wanaamka na ndoto mpya. Kwa wageni wa safu hii, Mjomba alikaa mambo ya nje mpaka kustaafu, nikaishia cheo cha Mshauri, balozi sikuwahi kuwa, kwa iyo msinipigie saluti. Ila nimebeba mikoba ya mabalozi wengi na nimeona wanatokea wapi. Haya twende.

Shikamoo mjomba. Mimi ni binti wa miaka 19, nimemaliza fomu siksi HGL, niko Mwanza. Tangu niko darasa la sita nataka kuwa balozi lakini baba mdogo ananambia ubalozi ni wa makada na watoto wa wakubwa, nisijisumbue nikasome ualimu. Naomba ukweli bila kunipaka mafuta. (Neema, Mwanza)

Marhaba Neema. Baba mdogo hajakosea yote. Kwetu Tanzania balozi anateuliwa na Rais, na Rais anaweza kumchukua mtu popote anapoona panafaa, ndo maana 2022 ukaona Simon Sirro anatoka kwenye u-IGP, yaani ukuu wa jeshi la polisi, anaenda kuwa balozi Zimbabwe, na kabla na baada yake wamepita majenerali, wabunge wa zamani, makatibu wakuu na maprofesa. Hamna tangazo hata siku moja utakaloona limeandikwa "anatafutwa balozi". Kwa iyo kama ndoto yako ni kile cheo, gari lenye bendera mbele na kuitwa mheshimiwa, hapo baba mdogo kakushinda maana fomu ya kuomba haipo.

Ila kama unataka kazi yenyewe, hiyo ina mlango na mlango haujafichwa. Unasoma digrii, uhusiano wa kimataifa ni sawa lakini sio lazima, mi nimefanya kazi na watu wa sheria, uchumi, historia, hata mmoja alisoma takwimu na alikuwa hatari kwenye mambo ya biashara. Kipo pia Chuo cha Diplomasia pale Kurasini, Dar, kilianza 1978 kwa ushirikiano wa Tanzania na Msumbiji, wengi wetu tumepita pale kwa kozi hii au ile. Alafu unakaa macho na Ajira Portal, ile tovuti ya ajira za serikali, nafasi ya kuingilia inaitwa Afisa Mambo ya Nje Daraja la II, wakitangaza unaomba kama unavoomba kazi yoyote ya serikali, unaitwa usaili wa mchujo ule wa kuandika, ukipita unaitwa wa mahojiano, na ukumbini mtakuwa wengi mpaka utajiuliza hawa wote walikuwa wanaota ndoto yako.

Ukipata sasa usitegemee Paris. Unapewa dawati, wizarani Dodoma, labda unaambiwa ushughulikie nchi ambazo ulikuwa huwezi kuzionyesha kwenye ramani. Waziri anakutana na mgeni kesho saa tatu, wewe leo saa kumi jioni unaambiwa andaa dondoo za mazungumzo: mgeni ni nani, tunamdai nini, anatudai nini, mara ya mwisho tulikubaliana nini na nani hajatekeleza (mara nyingi ni sisi). Kesho yake unakaa pembeni ya chumba na daftari, huongei, unaandika kila kinachosemwa, wageni wakishaondoka wenzako wanakwenda chai wewe unakaa kuandika taarifa. Hiyo ndo kazi miaka ya mwanzo.

Na kuna barua tunazoandikiana na balozi za nje, hizi lazima nikuelezee maana ndo zinazomtambulisha afisa aliyeiva. Inaandikwa kwa nafsi ya tatu, "Wizara inatoa salamu zake kwa Ubalozi na ina heshima ya kuujulisha...", haiwekwi sahihi kamili, ni herufi za jina tu na muhuri, na mwisho inafunga tena kwa salamu na heshima hata kama katikati mmewaambia wenzenu kwamba mtu wao ana saa 72 za kuondoka nchini. Mkubwa wangu mmoja alinirudishia barua ya namna hiyo kwa sababu ya neno moja, nilikuwa nimeandika tunasikitishwa akataka tunashangazwa. Niliona ananionea. Baadae nikaja kuelewa kwamba kusikitishwa ni ngazi ya juu zaidi na kama umeshaitumia kwenye jambo dogo siku ya jambo kubwa utakosa la kusema.

Baada ya hapo ndo vituo. Ubalozini unaanzia Katibu wa Tatu au wa Pili, unakaa miaka kama minne, unarudi nyumbani, unatoka tena umepanda kidogo, Katibu wa Kwanza, Mshauri, Waziri Mshauri (huyu sio waziri wa baraza, ni cheo tu cha ubalozini), na balozi akisafiri we ndo unakaimu. Mpaka hapo nywele zimeanza kubadilika rangi. Mtazame Liberata Mulamula, alipita madawati ya wizara, akaenda Bujumbura 2006 kuwa Katibu Mtendaji wa kwanza wa Mkutano wa Kimataifa wa Maziwa Makuu mpaka 2011, akawa balozi Washington kuanzia 2013, Katibu Mkuu wa wizara 2015, na uwaziri wa mambo ya nje ukaja 2021. Watu walimjua 2021 wakadhani kaibuka, wizarani walikuwa wanamjua tangu miaka ya themanini huko.

Au hayati Balozi Augustine Mahiga, yeye alizunguka njia nyingine kabisa, mwalimu wa chuo kikuu, usalama wa taifa, ubalozi, alafu miaka mingi UNHCR kwenye wakimbizi, akarudi kuwa Mwakilishi wa Kudumu New York 2003 hadi 2010, UN wakamchukua akawe mjumbe wao Somalia. Pale ofisi ya UN ya mambo ya siasa ya Somalia ilikuwa imekaa Nairobi miaka 17, yeye Januari 2012 akaihamisha ikarudi Mogadishu, wakati mji wenyewe bado unanuka baruti. Uwaziri akapewa 2015.

Kwa iyo Neema, mwambie baba mdogo makada wapo na wataendelea kuwepo, ila kwenye kila ubalozi wenye balozi kada yupo afisa mmoja wa kazi nyuma yake anayejua faili liko wapi. Anza kuwa huyo. Na ualimu sio kazi ya kudharau, Mahiga mwenyewe alianzia darasani.

Asalaam aleikum mzee wangu. Nyinyi mnatwambia udiplomasia ni ngazi ndefu miaka ishirini thelathini, mbona Dk Salim Ahmed Salim alikuwa balozi na miaka 22? Au ngazi ni kwa watoto wa masikini wa leo tu? (Khamis, Wete)

Waalaikum salaam Khamis. Swali lako limenikalisha, na nitajibu kwa kirefu, wenye haraka warukie barua inayofuata.

Ni kweli kabisa. Alizaliwa Januari 1942, na 1964 akapelekwa Kairo akiwa balozi, umri ambao mie nilikuwa bado naombaomba nauli ya daladala. Lakini uangalie huo mwaka wenyewe. Mapinduzi Januari, Muungano Aprili, nchi ina umri wa miezi na inatakiwa kuweka watu kwenye miji mikubwa ya dunia, na watu waliosoma, wanaojua dunia na wanaoaminika na wakubwa ni wa kuhesabu. Na Salim hakuokotwa barazani anacheza karata. Alikuwa kwenye uanzilishi wa umoja wa wanafunzi wa Zanzibar 1960, akaenda kufanya kazi kwenye ofisi ya wapigania uhuru wa Zanzibar kule Havana mwanzoni mwa sitini, akarudi kwenye uandishi wa habari. Kwa umri mtoto, kwa siasa alishachubuka.

Sasa tazama walivyomzungusha. Kairo hiyo ya 1964 ilikuwa ndo kiwanja cha Afrika, Rais Nasser wa Misri yupo, Julai pale ukafanyika mkutano wa wakuu wa OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) ule uliopitisha kwamba tuheshimu mipaka tuliyoikuta siku ya uhuru, azimio ambalo Nyerere alilipigania sana, Oktoba ikaja mikutano ya nchi zisizofungamana na upande wowote. Kijana ukiwekwa mji ule mwaka ule, darasa lake halina ada. 1965 wakampeleka Delhi, akakaa mpaka 1968. Alafu wakamrudisha nyumbani, dawatini, kuongoza idara ya Afrika na Mashariki ya Kati! Hapa ndo huwa nawaambia vijana, mtu ameshakuwa balozi nchi mbili anarudishwa kusimamia mafaili na hakusema ameshushwa. 1969 Beijing, na Korea Kaskazini humohumo, wakati China iko kwenye vurugu za Mapinduzi ya Utamaduni na sisi tunaongea nao reli ya TAZARA. 1970 New York, Mwakilishi wa Kudumu Umoja wa Mataifa, miaka 28.

Na New York hakukaa miaka minne kama wengine, alikaa kumi. Alibebeshwa na Cuba, Jamaica, Guyana, Trinidad na Tobago na Barbados kama nchi za uwakilishi, katikati ya hayo akaenda Columbia akachukua shahada ya uzamili 1975, balozi mzima anakaa darasani na wanafunzi. Kuanzia 1972 akawa mwenyekiti wa ile Kamati ya 24, kamati ya kuondoa ukoloni, na akaishika mpaka 1980. Kazi ya kamati sio ya kupigwa picha, ni kukaa na wajumbe mpaka usiku mnabishana aya moja, ni kujua nani kaagizwa nini na serikali yake na nani anaweza kulegea akipewa neno jingine la kwenda nalo nyumbani, ni kusikiliza wapigania uhuru wa Msumbiji, Angola, Zimbabwe, Namibia na kuwatafutia mlango wa kuingilia. Tanzania ilipokuwa kwenye Baraza la Usalama, Januari 1976 akawa rais wa baraza kwa zamu yetu, na 1979 wakamchagua rais wa Baraza Kuu kikao cha 34.

Katikati hapo ipo siku moja ambayo ilimjenga na kumbomoa. 25 Oktoba 1971 Baraza Kuu lilipiga kura kuhusu kiti cha China, kiwe cha Beijing au kibaki cha Taiwan. Tanzania ilikuwa mstari wa mbele kuitetea Beijing, Marekani ilikuwa inapinga kwa nguvu zote. Matokeo: 76 ndiyo, 35 hapana, 17 wakajizuia. Ukumbi ukalipuka, wajumbe wa Afrika wanashangilia, na ikasimuliwa na magazeti ya Marekani kwamba balozi wa Tanzania alicheza ngoma mle ukumbini. Sasa balozi wa Marekani aliyekuwa amekaa pale akiangalia nchi yake inashindwa alikuwa anaitwa George H. W. Bush. Shika hilo jina.

Twende 1981. Salim ni Waziri wa Mambo ya Nje, Afrika inamsimamisha awe Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, mpinzani wake Kurt Waldheim wa Austria anataka muhula wa tatu. Raundi ya kwanza Baraza la Usalama, Salim 11, Waldheim 10. Zinatakiwa 9 tu! Lakini Marekani ikampiga Salim veto (kura ya turufu ya wakubwa watano wa baraza), China ikampiga Waldheim veto. Wakarudia. Veto, veto. Wakarudia tena. Mara 16, wiki sita, hakuna aliyetaka kumwachia mwenzake. Na Makamu wa Rais wa Marekani wakati huo ni nani? Ndo huyo Bush. Wengi wanaiunganisha moja kwa moja na usiku ule wa 1971, mi nasema ni sehemu tu, maana Marekani ya Reagan ilikuwa inamuona mtu wa mrengo mkali pia kwa msimamo wake kwenye Palestina na Afrika Kusini, hata asingecheza ngoma wangemkataa.

Mwisho rais wa baraza mwezi Desemba, Olara Otunnu wa Uganda, nae kijana tu, akawaomba wote wawili wakae pembeni. Na nani akapita? Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Huyu sasa Khamis ndo jibu la swali lako la ngazi, maana huyu hakuruka hata kipandio kimoja. Aliingia wizara ya mambo ya nje ya Peru 1940 kama karani, akapanda ofisi kwa ofisi, akawa balozi Uswisi, Urusi ya wakati ule, Poland, Venezuela, Mwakilishi wa Kudumu New York miaka ileile Salim yupo, mjumbe wa UN Cyprus. Wakati wenzake wanachuana yeye alikuwa kwao Peru hajinadi. Hakuna mkubwa aliyekuwa na sababu ya kumpiga veto na ndo ikawa sifa yake. Mmoja alijenga jina kwa kusimama upande wake waziwazi mpaka mwisho, mwingine kwa kutokuwa na adui. Serikali yako ikikutuma ukasimame mahali kwenye upepo, unasimama, na bili inaweza kukufikia miaka kumi baadae.

Salim hakufa kazi lakini. Aprili 1984 Waziri Mkuu Sokoine amefariki ajalini, Salim akapewa uwaziri mkuu, akaushika mpaka Novemba 1985, akawa Naibu Waziri Mkuu na Ulinzi, na 1989 akaenda Addis Ababa kuwa Katibu Mkuu wa OAU. Mihula mitatu, miaka 12, hajatokea katibu mkuu wa OAU mwingine aliyekaa kiti kile muda huo. Mwaka 1993 wakuu wa nchi wakaunda chombo cha OAU cha kuzuia na kutatua migogoro, na mkutano uliopitisha ulikaa Kairo, mji uleule aliotumwa akiwa kijana. Baadae AU, yaani Umoja wa Afrika uliorithi OAU, wakamtuma Darfur. Kwenye urais nyumbani 2005 aliingia tatu bora za CCM na Kikwete na Mwandosya, hakupita, na kampeni zile zilivyokuwa sitaki kuziongelea hapa zitanipandisha presha. China hawakusahau, 2019 wakampa Nishani ya Urafiki. Na kile chuo cha Kurasini nilichomtajia Neema sasa kina jina lake.

Kwa iyo usilinganishe 1964 yake na leo yako. Linganisha ile miaka kumi ya New York, hapo ndipo vijana wa sasa wanapokata tamaa kwa sababu wanataka kila miaka miwili cheo kipya.

Mjomba huku Mombasa twasikia balozi akiteuliwa lazima aende bungeni ahojiwe. Na kwa nini watu wetu wakubwa kila wakigombea vyeo vya Afrika waanguka? (Mwanaisha, Mombasa)

Ndio, Katiba yenu ya 2010 ibara ya 132 inasema Rais anapendekeza mabalozi na Bunge la Taifa linaidhinisha, kwa hivo mteule anakaa mbele ya kamati anaulizwa mali zake, kodi zake na anajua nini kuhusu nchi anayokwenda. Mi naipenda hiyo, hata kama mara nyingi kamati inapitisha wote, angalau mtu analazimika kusoma kabla hajapanda ndege.

La kuanguka ni gumu kidogo. Amina Mohamed alikuwa na wasifu ambao ungeuweka mezani hakuna wa kuucheka, mwanasheria wa wizara, balozi Geneva, mwanamke wa kwanza kuongoza Baraza Kuu la WTO (shirika la biashara duniani) 2005, Katibu Mkuu wizara ya sheria wakati katiba mpya inatengenezwa, UNEP (shirika la UN la mazingira), alafu waziri wa mambo ya nje 2013. Januari 2017 aligombea uenyekiti wa Kamisheni ya AU akashindwa na Moussa Faki wa Chad baada ya raundi saba. Februari 2025 hayati Raila Odinga nae, raundi saba tena, akashindwa na Mahmoud Ali Youssouf wa Djibouti. Mlimlilia Raila sana huko najua. Lakini huyo Youssouf alikuwa waziri wa mambo ya nje wa Djibouti tangu 2005 mpaka uchaguzi ule na kabla alikuwa balozi Kairo, anaongea Kiarabu, Kifaransa na Kiingereza, maana yake mawaziri wenzake waliokaa ndani ya ule ukumbi ameshakunywa nao chai miaka ishirini. Raila alikuwa anajulikana na wananchi wa Afrika, Youssouf alikuwa anajulikana na wapiga kura. Na kura ile inahitaji theluthi mbili, kwa iyo nchi za Kifaransa na za Kiarabu zikikukataa huna pa kupitia.

Mjomba mume wangu kapangiwa kituo Ulaya, mimi ni muuguzi nina miaka tisa kazini na watoto wawili. Ananiambia niache kazi twende. Roho inasita. (Mama Ilham, Dodoma)

Mama Ilham hii barua nimeisoma mara mbili. Wanaume wa wizarani tunapenda kusema tulijenga taifa nje, hatusemi nani aliacha kazi ili tujenge.

Kabla hujajibu ndio au hapana nenda kwa mwajiri wako ukaulize likizo bila malipo kwa ajili ya kumfuata mwenza, uliza kwa maandishi na ujibiwe kwa maandishi, usiandike barua ya kuacha kazi kwa sababu ya presha ya tiketi. Pili, ukifika kule usidhani utaajiriwa hospitali ya pale, mke wa mwanadiplomasia haruhusiwi tu kufanya kazi hivihivi, inategemea kama nchi zetu mbili zina makubaliano ya wenza kufanya kazi, na hata yakiwepo ukiajiriwa kinga yako haikulindi kwenye mambo ya hiyo ajira, na leseni yako ya uuguzi watataka uifanyie mitihani yao. Muulize mume wako aulizie hilo ubalozini sasa hivi, sio mkifika. Tatu watoto: sio kwenda ndo kunawasumbua, ni kurudi. Wanaondoka darasa la pili wanarudi wa sita, Kiswahili cha shuleni kimekimbia na mtihani wa taifa unawasubiri. Nimeona familia zinafika na vitabu vya kwetu kwenye mabegi na mama anafundisha Jumamosi mezani jikoni, na watoto hao walirudi vizuri.

Wengine wanaamua mama abaki mwaka wa kwanza aangalie upepo. Sio dhambi. Ila mzungumze hela wazi, maana kule kuna posho ya utumishi wa nje na kama unabaki nyumbani lazima ujue sehemu yako.

Kifaransa au Kichina? Nina nafasi ya kozi moja tu. (Juma, Kigoma)

Wewe uko Kigoma, ukivuka ziwa ni Kongo, jirani Burundi, bado unauliza? Kifaransa. Nusu ya mikutano ya Afrika inaamuliwa kwenye korido na korido za Addis zinaongea Kifaransa, na barua ya Mwanaisha hapo juu umeiona. Kichina ni kizuri lakini kinataka miaka, kozi moja itakufikisha kwenye kusalimia. Na Kiswahili chako usikiache kichakae, tangu 2022 ni lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika, SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, walishaipitisha 2019, na wakalimani na wafasiri wazuri wa Kiswahili bado wanatafutwa, huo nao ni mlango wa kuingilia ambao vijana wa uhusiano wa kimataifa hata hawauangalii.

Mshahara wa balozi ni shingapi mjomba? Usizunguke. (Jina nimelihifadhi)

Ni mtumishi wa serikali, mshahara wake uko kwenye ngazi za serikali. Kinachomnenepesha ni kwamba akiwa kituoni nyumba, gari na matibabu havitoki mfukoni mwake na ile posho inalipwa kwa fedha za kigeni. Akistaafu vyote hivyo vinabaki ubalozini. Wapo waliokaa miaka ishirini nje wakarudi hawana kiwanja.

Rais kateua mabalozi, wameapishwa, miezi inapita mwingine bado tunamuona Tanga anahudhuria harusi. Anasubiri nini? (Salum, Tanga)

Anasubiri kukubaliwa, Salum. Chini ya Mkataba wa Vienna wa 1961 nchi haimtupi tu balozi kwa mwenzake, jina linapelekwa kimyakimya kwanza, wenyeji wanalichunguza, na wana haki ya kukataa bila kutoa sababu yoyote. Na kukataa kwenyewe mara nyingi sio barua ya kukataa, ni kimya tu, unasubiri mwezi, miwili, mitatu, mpaka mwenyewe unaelewa. Kawaida jina linatangazwa jibu likishapatikana, lakini wakati mwingine siasa za nyumbani zinatangulia.

Na hata akikubaliwa na kufika bado hajawa balozi kamili, anapeleka kwanza nakala ya hati za utambulisho wizara ya mambo ya nje ya wenyeji, alafu anapangiwa siku ya kuzikabidhi zenyewe kwa mkuu wa nchi, na mpaka siku hiyo hawezi kuanza kuzunguka kwa mawaziri kama balozi. Siku hiyo ina uzito wake, maana ukubwa wa mabalozi katika mji haupangwi kwa ukubwa wa nchi, unapangwa kwa nani alitangulia kukabidhi hati, ndo maana unaweza kukuta kiongozi wa mabalozi wote mjini ni wa kisiwa kidogo na wa Marekani yuko nyuma kwenye foleni.

Mfano wa kimya upo wa wazi kabisa, Israel 2015 ilimteua Dani Dayan kwenda Brazil, Brazil haikumtaka kwa sababu alikuwa kiongozi wa walowezi wa Ukingo wa Magharibi, lakini haikusema hapana, ilinyamaza tu miezi na miezi, mpaka Machi 2016 Netanyahu akakubali yaishe akampangia New York awe Konseli Mkuu.

Kwa iyo huyo wa Tanga mwache ale pilau.